Mzee wa Kifaransa

Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipitisha uamuzi kwamba shule zote za umma zifundishe masomo kwa Kiingereza. Mwaka wa shule ulikuwa ukingoni. Januari madarasa yalipofunguliwa, mwalimu aliyezoea kufundisha jiografia kwa Kifaransa alisimama mbele ya wanafunzi walewale, na ramani ileile ukutani, akatakiwa kuieleza kwa lugha ambayo wengi wa walimu ndio kwanza walikuwa wanaianza. Mwaka huo ndio niliofika mimi, mwalimu wa kujitolea kutoka Ngara, kufundisha Kiingereza katika sekondari moja ya bweni wilayani Kirehe.

Mtu akisema alikwenda kujitolea nchi za nje, watu hufikiria ndege. Mimi nilipanda gari la abiria kutoka Benaco hadi Rusumo, nikagongewa muhuri, nikavuka mto Kagera kwa miguu juu ya daraja la zamani, begi la nguo mkono mmoja na kifurushi cha vitabu mkono wa pili. Upande wetu magari hupita kushoto, upande wao hupita kulia, na palepale darajani madereva wa malori walikuwa wakibadilishana njia kwa ishara za mikono. Kanisa letu lilikuwa na udugu na kanisa la ng'ambo. Walitafuta walimu vijana wa Kiingereza, wakaahidi chumba, chakula na posho ndogo. Nilikuwa nimemaliza stashahada na bado sijapangiwa kituo. Nikaandika jina.

Kwa mtu wa Ngara kuvuka mto ule hakukuwa jambo jepesi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, takribani wakimbizi 250,000 walivuka daraja hilohilo kuja kwetu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Niliona kilima cha Benaco kikigeuka mji wa maturubai, nikaona misitu ikiisha kwa kuni, na nikasikia wazazi wakitukataza kabisa kusogelea mto, kwa sababu ya miili iliyokuwa ikipita na maji kuelekea Ziwa Viktoria. Desemba 1996 watu wale walirudishwa kwao. Baada ya hapo Rwanda ikawa kwetu mahali pa kuzungumziwa kwa sauti ya chini. Sasa nilikuwa nakwenda kuwafundisha watoto wa pande zote za habari ile, waliokaa dawati moja, sare moja, nywele wote wamekata fupi, wavulana kwa wasichana.

Katika kidato cha pili alikuwamo kijana aliyezaliwa Benaco. Alipojua nilikotoka alinifuata baada ya kipindi akaniuliza pakoje siku hizi. Nilimwambia miti imeota tena na malori hulala pale usiku. Alitaka kujua ni miti gani. Nilimtajia, naye akawa anaitikia kila mti kwa kichwa.

Kihangaza changu, lugha ya kwetu Ngara, kilinisaidia kuliko cheti changu. Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu. Nilipokosa neno nililipata kwa kusikiliza, na walipozungumza wao kwa wao sikupotea. Lakini aliyenisaidia zaidi ya yote ni mtu mmoja ambaye nitamwita Mzee tu, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita siku zote.

Mzee alikuwa mwalimu wa Kifaransa na historia. Alikuwa na mwandiko wa chaki ambao mpaka leo nikisimama ubaoni najaribu kuufuata: herufi zimesimama, mstari hauanguki. Wanafunzi wakimsikia anakuja walinyamaza bila kuogopa, jambo ambalo walimu wengi hatulipati hata tukizeeka kazini. Mwaka ule Kifaransa kilibaki na vipindi vichache kwenye ratiba, na historia, somo alilolijua kwa kina, akatakiwa kuifundisha kwa Kiingereza. Kwenye kozi ya Kiingereza ya walimu waliwapima, wakamweka kundi la wanaoanza, pamoja na vijana aliowahi kuwafundisha yeye mwenyewe.

Hakulalamika. Alinunua daftari la kurasa mia, akaniomba ruhusa, akaanza kukaa nyuma ya darasa langu la mwaka wa nne. Mimi nilikuwa na umri wa kuwa mwanawe.

Vitabu vya kujifunzia Kiingereza, karibu vyote nilivyowahi kushika, huanza na familia. Huyu ni baba yangu, huyu ni mama yangu, nina kaka wawili na dada mmoja. Kifurushi changu kilikuwa na kitabu cha namna hiyo. Wiki ya kwanza Mzee alinikuta chumba cha walimu napanga masomo, akakifungua, akaweka kidole kwenye somo la kwanza.

"Hili liruke, mwanangu," akasema. "Wako watakaokuwa na mistari miwili ya kuandika. Wako watakaoandika kurasa kumi, halafu usiku matroni hatalala."

Nikamuuliza, basi waandike nini?

Alikaa kimya kidogo. "Waandike kazi. Jinsi kitu kinavyotengenezwa. Hapo kila mmoja ana la kusema, na hakuna anayekufa katikati ya insha."

Ushauri huo haukuwamo katika mafunzo yoyote niliyopata Tanzania, wala sijui kama ungeweza kuandikwa na mtu aliyetoka mbali. Tukaanza na imigongo. Nyakarambi, mji wa wilaya hiyo, unajulikana Rwanda nzima kwa sanaa hiyo: samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa juu ya ubao kwa matuta ya pembe na mistari, huachwa ikauke, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyekundu na nyeupe. Kauli ya kutendwa, ambayo huwatesa wanafunzi wa Kiingereza kila mahali, iliingia darasani bila makelele, maana Kinyarwanda kinayo kama Kiswahili kilivyo nayo, na kazi yenyewe ilikuwa inaitaka. Msichana mmoja, bibi yake alikuwa fundi wa imigongo, aliandika ukurasa mzima jinsi samadi inavyochaguliwa, kwa nini ile ya ndama ni bora, na kwa nini mchoraji haanzi katikati ya ubao. Kiingereza chake kilikuwa na makosa kila mstari na bado mtu angeweza kutengeneza imigongo kwa kukisoma. Baadaye tukaandika kuhusu kukausha kahawa, kuhusu pombe ya ndizi, kuhusu umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na jinsi mtaro unavyochimbwa mlimani ili mvua isibebe udongo. Walikuwa watoto wanaojua mambo. Walichokosa ni lugha ya kuyasemea mambo hayo mbele ya mtahini.

Aprili ilipokaribia Mzee alinieleza tena, kwa maneno machache, kwamba kuanzia tarehe 7 nisitegemee sana masomo. Juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari lilipofika nilielewa. Kuna wanafunzi waliolia usiku kama wanaona mambo kwa mara ya kwanza, na wenzao wakawashika mpaka asubuhi. Nyarubuye, ambako maelfu waliuawa kanisani mwaka 1994, iko wilaya hiyohiyo. Sitaandika zaidi ya hapo, kwa sababu si yangu. Nitasema tu kwamba walimu waliojua nani akae karibu na nani, nani asitumwe peke yake mtoni, nani aitwe mjomba wake mapema, walikuwa ni hawa waliokuwa wamewekwa kundi la wanaoanza.

Tulianza kufundisha pamoja bila kupanga. Siku moja nilirudisha insha, na karibu nusu ya darasa walikuwa wametumia neno la Kiingereza *actually* mahali wasipolihitaji: actually ninaishi kwa shangazi, actually bei ya kahawa imepanda. Nilikuwa nimekata kwa wino mwekundu bila kujua linatoka wapi. Mzee akanyoosha mkono kule nyuma. Kwa Kinyarwanda akawaambia: mnafikiri kwa Kifaransa, na Kifaransa kina neno linalofanana na hilo ambalo maana yake ni "siku hizi". Darasa zima likaguna kwa pamoja, lile guno la mtu aliyeoneshwa kitu kilichokuwa mbele ya macho yake. Kosa lile halikurudi tena.

Kuanzia hapo kipindi cha Ijumaa kikawa chetu wawili. Mimi naandika upande mmoja wa ubao, yeye upande wa pili. Anawaonesha Kifaransa kinapowabeba, maana maneno mengi mno ya shule, ya siasa, ya sayansi, lugha hizi mbili zimegawana. Na anawaonesha kinapowaangusha. Mdahalo tuliufanya hivi: robo ya saa wanapanga hoja kwa Kinyarwanda, wanabishana kweli, kisha wanasimama kuzitoa kwa Kiingereza. Wale waliokuwa kimya tangu Januari walianza kusimama. Kijana wa mwaka wa nne ambaye tronc commun yote, yaani miaka mitatu ya kwanza ya sekondari, aliisoma kwa Kifaransa, na aliyekuwa wa kwanza darasani miaka mitatu, alisimama akatetea bwawa la umeme dhidi ya wavuvi, akakwama katikati, Mzee akamtupia neno, akaendelea mpaka mwisho. Walimpigia makofi.

Ningeweza kuandika kurasa nyingi kuhusu Ijumaa zile.

Muhula wa pili ulipokuwa unaelekea mwisho akaja afisa wa elimu. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, akasikiliza kipindi chetu, akahesabu lugha tatu ndani ya dakika arobaini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na waraka, na waraka ulisema Kiingereza. Akaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba somo lifundishwe kwa lugha ya kufundishia peke yake, na baada ya kengele akazungumza na Mzee uani, wanafunzi wakiwa madirishani. Wiki iliyofuata mkuu wa shule aliweka kibao mlangoni mwa ofisi: humu tunasema Kiingereza tu.

Mzee alikuja Ijumaa moja zaidi, akakaa nyuma, hakunyoosha mkono. Halafu hakuja tena. Nilimfuata nyumbani kwake, tukala viazi na maharage, akaniambia hana kinyongo na mtu. "Kukatazwa si neno," alisema. "Ila sitaki wanione nikikatazwa."

Mdahalo ulibaki, kwa Kiingereza tupu. Kila mara walisimama walewale wanne, waliosoma utotoni Uganda walikoishi na wazazi wao, wakarudi na Kiingereza mdomoni. Wengine walipiga makofi walipotakiwa kupiga makofi.

Naelewa kwa nini serikali iliamua vile, na sijawahi kuona haya kusema hivyo mbele ya watu wanaolaumu tu. Rwanda ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Novemba 2009, nikiwa palepale Kirehe, ikapokewa Jumuiya ya Madola. Bidhaa zake hupita Dar es Salaam na Mombasa. Maelfu ya watu wake walirudi kutoka Uganda wasijue Kifaransa, na Katiba ya 2003 ilikwisha kuandika lugha rasmi tatu, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Na Kifaransa, kwa Wanyarwanda wengi, kilikuwa kimechafuliwa na siasa za 1994 kwa namna ambayo mgeni hana haki ya kuipima. Mimi nahuzunikia mwendo. Kizazi kimoja cha walimu kiligeuzwa wanafunzi kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa kwanza, tena mbele ya watoto wao. Sisi wa kujitolea, wa Ngara, wa Kampala, wa Marekani, tulisifiwa sokoni, "Teacher! Teacher!", kwa kitu ambacho tulikipata kwa kuzaliwa upande fulani wa mpaka. Kiingereza changu mimi kilitokana na Waingereza kuchukua Tanganyika na Wabelgiji kuchukua Ruanda-Urundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kazi ya ualimu, ile yenyewe, alikuwa nayo Mzee.

Niliondoka posho ya mradi ilipokwisha. Wafadhili walikuwa na mahali pengine pa kupeleka fedha, kama kawaida ya mambo haya.

Leo Rusumo mtu aliyepita zamani hatapajua. Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walifungua daraja jipya, lililojengwa kwa msaada wa Japani, na kituo cha pamoja cha mpakani. Unasimama mara moja tu, unagongewa muhuri, unakwenda zako. Chini yake, kwenye maporomoko, kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kirehe kuna kambi ya Mahama, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, na ninapoitazama nakumbuka kwamba zamu ya kuwapokea wakimbizi imehama ng'ambo. Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi: mwaka 2013 nchi yangu iliwarudisha Rwanda maelfu ya watu kutoka mkoa wa Kagera, wengine waliozaliwa kwetu, na watoto wao wakaingia shule za kule wakiwa na Kiswahili cha darasani na Kiingereza cha salamu tu. Mzee, aliyekuwa bado kazini, aliniambia kwa simu kwamba aliwakalisha mbele.

Lugha nazo hazikutulia. Uamuzi wa 2008 ulilegezwa baada ya miaka michache, watoto wa madarasa matatu ya chini wakarudishiwa Kinyarwanda. Desemba 2019 ukarudi tena, Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwaka 2022 waliletwa walimu kutoka Zimbabwe. Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Na Oktoba 2018, kule Yerevan, Louise Mushikiwabo alichaguliwa kuongoza Jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa. Siku hiyo Mzee alinipigia. Alikuwa amestaafu, analima ndizi na kahawa. "Umesikia, mwanangu?" alisema. "Kifaransa cha dunia nzima wamempa Mnyarwanda." Nilisikia furaha katika sauti yake, na nilisikia kitu kingine pia ambacho sikumuuliza.

Mimi ni mwalimu hapahapa Ngara. Kila Januari napokea kidato cha kwanza, watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, na kwa amri nawafungulia biolojia kwa Kiingereza. Sera ya Elimu ya 2014 ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Sekondari bado tunafundisha kwa Kiingereza. Wanaokuwa kimya mwezi wa kwanza nawafahamu mapema, kwa sababu niliwaona Kirehe. Huwa nawapa robo ya saa ya kubishana kwa Kiswahili kwanza, au kwa Kihangaza ikibidi, kabla sijawataka wasimame. Mkaguzi akija, namweleza sababu, na namweleza mbele ya wanafunzi.

Yule msichana wa imigongo sasa ni muuguzi katika zahanati moja upande ule. Hunipigia simu Jumapili, na tukifika kwenye mambo ya mwaka ule huwa hatuelewani. "Mwalimu," ananiambia, kwa Kiswahili alichokipata kazini, "wewe na Mzee mnakililia Kifaransa. Mimi ripoti zangu ni za Kiingereza, dawa zangu zimeandikwa Kiingereza, na mafunzo yangu yote nimeyapata kwa Kiingereza. Kama wangetungoja tuwe tayari, tungekuwa tunangoja mpaka leo."

Namwambia habari za yule kijana wa bwawa la umeme, wa kwanza darasani miaka mitatu, aliyeacha shule mwaka wa tano kwa sababu fizikia aliyoijua haikumtoka mdomoni. Anajibu kwamba yule anaendesha lori la Dar es Salaam, ana nyumba ya bati jipya, na mshahara wake unaushinda wa muuguzi. Ni kweli. Nimekutana naye Benaco, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha madereva wengi wa kwetu. Alitaka kuwa mhandisi wa maji. Namwambia hivyo. Ananyamaza kidogo, kisha anasema hata wangesoma kwa Kinyarwanda, si kila anayetaka kuwa mhandisi angekuwa. Nasema huyu angekuwa. Anasema siwezi kujua. Nasema Mzee alijua, na yeye ndiye aliyemfundisha. Hapo huwa anabadilisha mazungumzo, ananiuliza kama mvua zimeanza upande wetu.